Hukumu ya Mtazamaji wa Sinema

Kila picha ya sinema hupata hukumu mbili. Moja huandikwa na mtu aliyesoma. Hupewa nafasi katika jarida, jina la mwandishi likachapwa juu yake, na wanafunzi wakainukuu miaka nenda miaka rudi. Ya pili hutamkwa mlangoni, watu wanapotoka gizani wakipangusa macho au wakicheka, nayo haidumu zaidi ya mwendo wa kurudi nyumbani. Ya kwanza huitwa uhakiki. Ya pili huitwa maoni, na neno hili katika vinywa vya wataalamu wengi limekuwa karibu sawa na upuuzi. Mtu aliyelipa kiingilio chake, akakaa saa mbili, akaogopa au akalia, kisha akasema lililo moyoni mwake, huambiwa kuwa hakujua alichokiona. Dharau hiyo ina historia, na historia yake haina heshima. Yafaa ifunuliwe kabla haijaendelea kurithishwa madarasani kana kwamba ni elimu.

Mwaka 1935 kulianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, jaribio la kuwatengenezea Waafrika picha za mafundisho. Meja Notcutt aliongoza kazi ya kupiga picha, Bwana Latham akasimamia mambo ya elimu, na fedha zilitoka katika mfuko wa Carnegie wa Marekani. Hata jaribio lilipokoma mwaka 1937, picha 35 zilikuwa zimekwisha tengenezwa, na watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini walikuwa wamezitazama. Kazi hiyo haistahili kubezwa yote. Lakini miaka miwili baadaye, 1939, serikali ya Uingereza iliunda idara ya picha kwa ajili ya makoloni yake, na William Sellers, ambaye hapo kwanza alikuwa mtu wa afya huko Nigeria, akaongoza utengenezaji wake kwa kanuni ngumu: picha ya Mwafrika iende polepole, jambo lianze na kwisha mbele ya macho bila kurukwa, hila za kamera ziachwe, kwa maana mtazamaji wa namna hii, ati, akili yake haijazoea kufuatisha picha zinazotembea.

Ushahidi uliopendwa kuliko wote katika mambo haya ni kisa cha kuku. Kiliandikwa na Profesa John Wilson wa London, na Marshall McLuhan akakieneza ulimwenguni katika kitabu chake cha mwaka 1962. Mkaguzi wa afya alitengeneza picha ya polepole kabisa kuwafundisha wanakijiji namna ya kuondoa maji yaliyotuama na takataka zenye kuzaa maradhi. Picha ilipokwisha watazamaji waliulizwa wameona nini. Wakajibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji hawakujua kama kulikuwa na kuku katika picha yao! Wakairudia, wakaichungua kipande kwa kipande, wakamkuta: kuku alipita pembeni kwa muda wa kufumba na kufumbua. Katika kisa hiki wataalamu waliona ithibati kwamba Mwafrika hajui kutazama sinema.

Msomaji na apime mwenyewe. Upande mmoja wako watu waliopiga picha, wakaikata, wakaiunga, wakaitazama mara nyingi, wasimwone kuku. Upande wa pili wako watu walioitazama mara moja tu, wakamwona. Nani kati yao hakujua kutazama? Watazamaji wale walikuwa wametolewa nje jioni, wakaonyeshwa mambo wayafanyayo kila siku kwa mwendo wa konokono, wakatafuta katika picha ile kitu chochote chenye uhai na haraka yake yenyewe, wakakipata. Jibu lao lilikuwa hukumu kamili juu ya picha ile, tena hukumu iliyo sawa: katika picha yote lililostahili kutazamwa lilikuwa kuku. Mtaalamu aliuliza swali, akapewa jibu, akaliandika kuwa ugonjwa wa mjibuji.

Na wakati kanuni hizo zikitungwa kwa ajili ya watu waliodhaniwa hawawezi kufuatisha picha, Unguja ilikuwa na jumba la Royal tangu mwaka 1921. Watu wa mji ule, na wa Dar es Salaam, na wa Mombasa, walikuwa wakilipa fedha zao kutazama picha za Marekani, za Misri na za Bara Hindi, zenye mikato ya ghafula, ndoto, kumbukumbu, na nyimbo zilizoanza mlimani zikaishia mtoni. Wengi wao hawakujua Kihindi wala Kiingereza. Walifuatisha kwa macho, na palipopita giza walifahamishana viti kwa viti.

Mfano mmoja unatosha. Katika miaka ya 1950 ilifika pwani picha ya Raj Kapoor iitwayo Awara, iliyotengenezwa mwaka 1951. Ndani yake yuko jaji anayeamini kwamba mwana wa mwema huwa mwema na mwana wa mwizi huwa mwizi. Kwa imani hiyo alipata kumtia hatiani mtu ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kuzaliwa na baba mwizi. Mtu yule akalipiza kisasi: alimteka mke wa jaji, akamrudisha, jaji akamshuku mkewe, akamfukuza akiwa mja mzito, na mtoto aliyezaliwa mitaani akalelewa na mwizi yule yule awe mwizi, ili baba mwenyewe ashuhudie uongo wa imani yake. (Jaji alichezwa na Prithviraj, baba halisi wa Raj Kapoor, jambo ambalo wapenzi wa sinema hawakulisahau.) Sasa Mswahili ana methali isemayo mtoto wa nyoka ni nyoka. Alipoketi mbele ya Awara, mtazamaji wa Unguja aliona methali ya wazee wake imefikishwa mahakamani na kupingwa. Aliyetoka akisema, “Si kweli, damu haipotei,” na aliyemjibu, “Malezi ndiyo baba,” walikuwa wamefika kwenye kiini cha picha ile kabla hawajavuka barabara. Ziko tasnifu zenye kurasa mia mbili ambazo hazikifikii kiini cha vitabu vyao.

Hata hivyo msomi ana ngome yake ya mwisho. Husema: na iwe hivyo kwa picha zenye fikra, lakini je, picha za kutisha? Je, picha zile tamu za kutazamwa na baba, mama na watoto? Hapo, adai yeye, mtu wa kawaida hapimi kitu. Huburutwa na mshituko au utamu. Kwa bahati mbaya ya msomi, ni katika aina hizi mbili hasa ndiko wahakiki walikokosea vibaya zaidi.

Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitoa Psycho, picha iliyogharimu dola 800,000 hivi, fedha kidogo kwa mtu wa cheo chake. Alikataa kuwaonyesha wahakiki kabla ya watu, ikawalazimu waingie ukumbini pamoja na umma, na mlango ulifungwa picha ilipoanza. Mhakiki wa gazeti la Observer la London, Bibi Lejeune, mwenye uzoefu wa miaka mingi, alitoka kabla ya mwisho. Bosley Crowther wa New York Times aliipokea kwa ubaridi. Umma ulipanga foleni. Mwaka haujaisha Crowther aliitia Psycho katika picha zake kumi bora, na kwa hilo anastahili heshima, maana si kila mhakiki aliye tayari kufundishwa na foleni. Peeping Tom ya Michael Powell, iliyotoka mwaka huo huo wa 1960, haikupata bahati hiyo. Wahakiki wa Uingereza waliirarua kwa maneno ya kutema mate, ikaondolewa majumbani upesi, umma usipate nafasi ya kusema lolote, na kazi ya Powell katika nchi yake ikaharibika. Leo wasomi huihesabu miongoni mwa picha kubwa za Uingereza. Na The Shining ya Kubrick, ya mwaka 1980, ilimpatia mwongozaji wake kutajwa katika tuzo za dhihaka miongoni mwa waongozaji wabovu wa mwaka.

Sababu ya makosa hayo haikujificha. Mhakiki akiogopa huona haya, na mwenye haya hutafuta neno la kusitiri hofu yake: huiita picha chafu, duni, isiyo na adabu. Mtu wa kawaida hana cheo cha kulinda. Husema, “Nililala taa ikiwaka.” Maneno hayo matatu yana ushahidi kuliko ukurasa mzima wa maneno mazito, maana picha ya kutisha ilikusudiwa kufanya jambo moja katika mwili na roho ya mtu, na shahidi wa jambo hilo ni yule lililemtokea. Tena shahidi huyu hujua mengi ya mahali pake. Picha za Mussa Banzi za mwanzoni mwa karne hii, Nsyuka na Shumileta, zikipimwa kwa mizani ya Hollywood huonekana kuwa na vinyago vya rahisi na sauti mbovu. Mtazamaji wa Temeke au wa Tanga aliyelelewa na hadithi za majini ana maswali mengine kabisa: je, huyu jini ana tabia ya majini? Aingia nyumbani kwa ruhusa ya nani? Mganga aliyeitwa ajua kazi yake? Hayo ni maswali ya kihakiki, na hayamo katika vitabu vya nadharia vinavyoazimwa kutoka ng’ambo.

Juu ya picha za familia hoja ya msomi ni nyingine. Adai kwamba zinapendwa kwa mazoea. Televisheni huzirudia, watu huzizoea, na mazoea huitwa mapenzi. Kisa kinachotajwa ni cha It’s a Wonderful Life ya Frank Capra. Ilipotolewa mwishoni mwa mwaka 1946 ilitia hasara. Hata polisi wa upelelezi wa Marekani waliitilia shaka katika waraka wao, kwa kuwa tajiri wa benki ameonyeshwa kuwa mtu mbaya. Uhakiki wa namna yake huo nao. Mwaka 1974 haki yake ya kunakiliwa haikufanywa upya kwa uzembe, na vituo vya televisheni vikairusha bila malipo kila Krismasi, mpaka ikawa haiwezekani kuitenga na sikukuu yenyewe. Basi, asema msomi, ilipendwa kwa kuwa ilikuwa bure.

Hoja hii ina nusu ya kweli, na nusu hiyo lazima ikubaliwe. Bure ndiyo iliyoifungulia mlango. Lakini vitu vya bure vilikuwa vingi. Mamia ya picha kuukuu zilikuwa hazina haki ya kunakiliwa katika miaka ile, na vituo vilizirusha usiku wa manane, wala hakuna familia iliyojikusanya kuzitazama. Mazoea huhitaji kitu cha kuzoeleka. Picha ya Capra ni hadithi ya mtu anayetaka kujiua usiku wa Krismasi kwa ajili ya deni ambalo si kosa lake. Chini ya utamu wake mna uchungu mwingi, na aitazamaye akiwa na miaka kumi huona malaika, bali aitazamaye akiwa na miaka arobaini na deni lake mwenyewe huona kitu kingine. Ni mtazamaji wa kurudiarudia tu awezaye kulijua hilo. Mhakiki wa gazeti aliitazama mara moja, akiwa na saa ya kupeleka makala.

Pauline Kael alipoiandikia The Sound of Music mwaka 1966 aliita karibu kila kitu chake hila ya kukamua machozi, na mwaka ule ule mapato ya picha hiyo yaliipita Gone with the Wind. Kael alikuwa mwandishi hodari, na katika mambo mengi alisema kweli: nyimbo zile zimepangwa kwa hesabu. Alikosea kudhani kwamba aliyelia hakuiona hesabu. Watoto wanaoimba pamoja na picha hiyo wanajua wazi kwamba wanachezewa, kama ajuavyo msikilizaji wa ngano kwamba sungura atashinda. Hukubali mchezo kwa hiari. Kael mwenyewe, miaka mitatu baadaye, aliandika insha ndefu ya kutetea raha ya picha zisizo na heshima. Inasikitisha kwamba wanafunzi husoma ukali wake wasisome utetezi wake.

Sasa yuko adui wa pili, naye ni hatari kuliko msomi, kwa sababu hujifanya rafiki wa mtazamaji. Huyu ni mfanya biashara wa picha. Msomi huyatupa maoni ya watu. Mfanya biashara huyakusanya, huyahesabu, huyageuza tarakimu, kisha huitumia tarakimu kama shoka.

Tarehe 17 Machi 1942, katika mji wa Pomona, California, kampuni ya RKO ilionyesha kwa majaribio The Magnificent Ambersons ya Orson Welles. Picha ilikuwa ndefu, yenye huzuni nzito, juu ya kuanguka kwa nyumba moja ya kitajiri. Ilionyeshwa mara baada ya picha ya nyimbo na mabaharia iliyowavuta vijana wengi, nao ndio waliobaki vitini. Zikagawiwa kadi. Katika kadi 125 zilizorudi, 72 zililaumu. 53 zilisifu, na baadhi zilisifu kwa nguvu sana. Siku mbili baadaye, katika mji wa Pasadena, majibu yalikuwa mazuri zaidi. Kampuni ilishika hesabu ya Pomona. Welles alikuwa Brazil kwa kazi nyingine. Zaidi ya dakika 40 zilikatwa, mwisho wa furaha ukapigwa upya na kubandikwa, na vipande vilivyokatwa viliharibiwa. Mpaka leo watu huvitafuta. Mkono uliokata kwa amri ya kampuni ulikuwa wa Robert Wise, ambaye baadaye aliongoza The Sound of Music.

Msomi hupenda kukitaja kisa hiki kama hoja juu ya ujinga wa umma. Kadi zenyewe zakataa. Zaidi ya theluthi moja ya kijana wa Pomona aliyekuja kwa mabaharia na nyimbo aliipenda picha ngumu ya huzuni! Yeyote mwenye akili timamu angeuliza: hawa 53 waliona nini? Wale 72 walichoka wapi, mwanzoni au mwishoni? Kampuni haikuuliza, kwa kuwa tarakimu ilikwisha sema. Mtazamaji alitoa maneno. Ni mwenye mali aliyeyatoa maneno yale ulimi.

Tabia hiyo haijafa. Marekani iko kampuni iitwayo CinemaScore, ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 huwapa kadi watazamaji wa usiku wa kwanza ili waipe picha alama ya herufi, kama ya mtihani. Mwaka 2018 picha ya kutisha Hereditary ilipata D na alama ya kujumlisha. Mwaka mmoja kabla yake mother! ya Aronofsky ilipata F. Kadi haina nafasi ya kutenga mtu aliyechukia kwa sababu picha ni mbovu na mtu aliyechukia kwa sababu picha imemtia hofu asiyoiweza, imemfuata mpaka kitandani. Wote wawili huandika D. Kadhalika asilimia zitolewazo na Rotten Tomatoes, iliyoanzishwa mwaka 1998, husomwa na wengi kana kwamba ni kipimo cha ubora, kumbe huhesabu tu wangapi walisema ndiyo. Picha ambayo kila mtu ameiona si mbaya yaweza kupata mia kwa mia, na picha ambayo nusu ya watu wangeifia huishia hamsini.

Mtazamaji naye asidhani ameachiliwa. Yuko asemaye “nzuri” na “mbaya,” akanyamaza, na ni yeye aliyewapa wenye kadi silaha. Neno nzuri pasipo sababu ni ndugu wa tarakimu. Haki ya kuhukumu huja na deni la kusema kwa nini, na deni hilo halihitaji shahada. Marehemu Lufufu wa Dar es Salaam alilijua hilo. Alipotafsiri picha za kigeni kwa Kiswahili katika kanda za video, hakuishia kufasiri. Alimcheka mhusika mjinga, alimwonya msichana asifungue mlango, alieleza ukoo wa adui, alipachika methali mahali ambapo mtunga picha aliacha kimya. DJ Afro wa Kenya amefanya vivyo hivyo kwa namna yake. Wasomi wengine huiita kazi hii uharibifu wa picha. Lakini mtu akitafuta uhakiki wa sinema kwa Kiswahili, uliotungwa na Mswahili, ukasikilizwa na maelfu na ukabishaniwa vibandani, atauona kwanza humo, siyo katika majarida.

Na idara za Kiswahili zinafanya nini? Mwanafunzi apendekezaye kuandika juu ya maneno ya watu wa kibanda cha video huambiwa akatafute mada yenye uzito, na hurudi na mada juu ya nadharia ya mtu wa Paris. Kitabu kinene juu ya watazamaji wa sinema wa Tanzania, kilichojaa sauti za watu wa Unguja na Dar es Salaam walioketi Majestic, Empire na Avalon, kimeandikwa na Laura Fair, Mmarekani, kikatolewa na chuo kikuu cha Ohio mwaka 2018. Ni kitabu kizuri, na mwandishi wake alitembea, akauliza, akasikiliza. Watu wale walimjibu kwa Kiswahili. Maneno yao yamesimama katika kitabu kwa Kiingereza. Aliyekuwa na miaka ishirini Awara ilipofika pwani, leo yuko katika miaka tisini. Waliobaki wanakaa barazani Ng’ambo na Kariakoo, mwendo mfupi kwa daladala kutoka milango ya vyuo, na bado wanabishana kama damu hupotea au haipotei.